Mama Mkunga Alipokwenda Agra

Mama yangu alikuwa mkunga. Kazi hiyo aliisomea Unguja kabla ya Mapinduzi, akaifanya huko mpaka tulipohamia Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini, na hospitali ya Ibra ilipomwajiri, wanawake wengi wa mkoa ule wa Sharqiyah walikuwa bado wanazalia majumbani mwao.

Mwanzoni hawakumtaka. Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Qur-ani, na kila alipofungua mdomo waliusikia Uswahili ndani yake. "Zinjibariya," mwanamke wa Zanzibar, walinong'onezana, wakageuza nyuso ukutani. Mama alijifunza Kiarabu chao pembezoni mwa vitanda vyao, akianza na maneno ya uchungu. Miaka si mingi ikapita, gari zikawa zinakuja kumchukua kutoka kila upande, Bidiya hadi Jaalan, na watu wakaacha kumwita kwa jina lake. Alikuwa "daktora" tu, ijapokuwa kila siku aliwasahihisha kuwa yeye si daktari.

Mimi nilikuwa nikisomesha skuli ya wasichana palepale Ibra. Mwanzoni mwa miaka ya themanini mume wangu, mfanyakazi wa serikali, alipelekwa Delhi kwa mafunzo ya wiki chache. Skuli zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka, nikamfuata, na nikamchukua na mama. Tulimbembeleza sana. Likizo kwake ilikuwa kitu cha watu wengine.

"Na akija mtu mtoto amekaa vibaya?" aliuliza.

"Wapo wenzako hospitali, mama."

"Wapo," alisema, kwa sauti ya mtu asiyesadiki.

Kule Delhi nilitaka jambo moja tu: mama aione Taj Mahal. Karani wa hoteli aliniambia kuna basi la watalii. Nikamwambia sitaki basi. Nataka gari yetu peke yetu, dereva wetu, na mtu wa kutueleza, mama yangu akae kiti cha nyuma kama mke wa balozi. Nilikuwa na fakhari zangu siku zile. Mshahara ulikuwa wangu, pasi ya kusafiria ilikuwa yangu, na nilitaka mama ayaone matunda ya kunisomesha.

Tuliondoka alfajiri, ukungu umetanda barabarani. Mume wangu alikuwa na masomo, kwa hiyo tulikuwa mama na mimi, tumejifunika mabuibui yetu na juu yake mashali ya sufi, maana baridi ilikuwa inauma. Dereva alikuwa mzee wa makamo asiyesema. Tulipofika Agra alisimamisha gari mbele ya mgahawa, na kijana mmoja mrefu, koti limembana, akaja dirishani.

"Assalamu alaykum, khala," alimwambia mama.

Mama alifurahi. Khala, mama mdogo, neno hilo tunalo na sisi kwa Kiarabu. Huyo ndiye aliyekuwa mwongozaji wetu. Alizungumza Kiingereza cha haraka, kama mtu anayesoma kitu alichokihifadhi, na mimi nikawa namfasiria mama pale aliposhindwa. Alituambia mipango ya siku: kwanza Taj, kisha ngome nyekundu, kisha kaburi jengine dogo ng'ambo ya mto, na ikiwa muda utaruhusu, mji mzima ulioachwa na wafalme wa Kimughal nje ya Agra. Kila alichokitaja nilimtazama mama kuona kama anavutiwa. Alikuwa anaangalia watoto wanaochota maji bombani.

Lakini tulipovuka lango kubwa, mama alisimama. Ukungu ulikuwa unanyanyuka, na lile jengo jeupe lilikuwa linatokeza kidogokidogo, kuba kwanza, kisha minara. Mama alisema "Subhanallah". Nilijisikia kama mimi ndiye niliyelijenga.

Tulivua viatu tukaingia ndani. Mwongozaji alitumulikia tochi kwenye maua ya mawe, akatuonesha jinsi jiwe jekundu linavyowaka ndani ya marumaru. Aliita kwa sauti ili tusikie mwangwi ukizunguka kubani. Kisha akaanza hadithi yenyewe. Mfalme alimpenda mke wake kuliko wake zake wote. Alikwenda naye kila alikokwenda, hata vitani. Mke akafariki safarini, akimzaa mtoto wa kumi na nne, na mfalme akalia mpaka nywele zikageuka nyeupe, akamjengea kaburi hili ambalo dunia nzima inakuja kulitazama.

Nilimfasiria mama. Nilitegemea atasema maskini, au atasema mapenzi hayo.

"Muulize," mama alisema, "alikufa kwa damu?"

Nikaona haya. "Mama, watu wanatusikiliza."

"Wasikilize. Muulize."

Nikamuuliza. Kijana aliishusha tochi. Baadaye alitwambia kwamba watalii humuuliza miaka, mafundi, vito vilivyoibiwa, lakini swali lile hakuwahi kuulizwa. "Wanasema uchungu ulikuwa mrefu sana," alijibu. "Kisha ndiyo, khala. Damu."

"Mtoto alipona?"

"Alipona. Msichana."

Mama alitikisa kichwa. Alinyanyua viganja vyake akamsomea Fatiha yule mwanamke, taratibu, kama anavyomsomea mtu anayemjua. Watalii wengine walimpita wakitazama juu. Alipomaliza alijipangusa uso akasema, "Mtoto wa kumi na nne tumbo la uzazi limeshachoka. Lilishindwa kujikaza. Hata mimi ningekuwepo, sijui."

Kijana alituuliza mama anafanya kazi gani. Nilimjibu, na nakumbuka nililitamka neno "mkunga" harakaharaka, kama jambo dogo, kwa sababu nilikuwa tayari kumwambia kwamba mimi ni mwalimu. Hakuniuliza mimi. Alibadilika uso. Alitutoa nje mpaka kwenye benchi la jiwe bustanini, akasimama mbele ya mama, na Kiingereza chake cha kuhifadhi kikampotea chote.

Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Miguu imevimba. Bangili zimekatwa kwa kuwa hazitoki. Tangu jana kichwa kinamuuma.

"Uso je?" mama aliuliza.

Uso pia umevimba. Bibi zake wanasema ni dalili ya mtoto wa kiume.

"Macho? Anaona vizuri?"

Kijana alifikiri. "Asubuhi aliniambia anaona vimulimuli. Nikamwambia ni usingizi."

Mama alikuwa ameshasimama. Shali lilianguka, mimi nikaliokota. "Nyumba yako iko wapi?"

"Hapa nyuma tu, khala, lakini ngome bado hatuja—"

"Mama," nami nikaingilia, "tumekuja kutoka Delhi kote huko. Tumalize ziara, halafu tupite kwake jioni."

Hakunikasirikia. Alinitazama tu kama anavyowatazama wauguzi wapya. "Hicho ni kifafa cha mimba kinapiga hodi," alisema. "Jioni tutakuta maiti. Vaa viatu."

Nyumba ilikuwa katika vichochoro vilivyo jirani na Taj, ua mdogo wenye mbuzi na kitanda cha kamba. Mama yake kijana, mama mkwe wa mgonjwa, alitupokea kwa mashaka, bibi mwembamba mwenye sauti kubwa. Mama hakukimbilia chumbani. Aliamkia, akakaa pale alipooneshwa, akapokea chai, akamuuliza bibi yule kwa kupitia kwa mwanawe kama anamruhusu kumtazama mkwe wake. Nilikuwa nimeketi kama niko juu ya makaa. Lakini nilimjua mama. Nyumba ngapi za Bidiya aliingia kwa njia ile ile.

Kijana alibaki uani, sisi wanawake tukaingia. Yule msichana, maana hakuwa zaidi ya msichana, alikuwa amelala ubavu, kitambaa machoni. Hapo ndipo nilipomsikia mama akisema Kihindi. Sikujua kama anakijua. Hospitali ya Unguja aliwazalisha Wahindi wengi, na akaokota kwao lugha ya chumba cha kuzalia, na si nyingine. Hakuweza kuomba maji ya kunywa kwa Kihindi, lakini aliweza kuuliza wapi kunauma, tangu lini, na mtoto anacheza au hachezi. Msichana aliondoa kitambaa akamtazama kama ndugu yake aliyetoka mbali.

Mama alimbonyeza muundi kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Alinitazama mimi, akalitazama shimo, na nilielewa.

"Hospitali," alimwambia mama mkwe. "Sasa hivi."

Bibi alikataa. Watoto wake wote aliwazaa chumba kile, na hospitali watu huenda kufa. Kijana alisimama mlangoni, ametugeuzia mgongo, anafasiri. Mama alimwacha bibi aseme mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono.

"Dada yangu," alisema, "nimetoka kumsalimu jirani yako sasa hivi. Yule wa kwenye marumaru. Mume wake alikuwa mfalme, ana matabibu wa kila namna, na hawakuweza kumwokoa. Wewe leo una hospitali hapo mjini, na mimi nina gari mlangoni. Angelipata yeye nafasi hii, angeliiacha?"

Kijana alifasiri. Bibi aligeukia dirishani. Dirisha la chumba lilikuwa dogo, lakini kipande cha lile kuba kilionekana, na bila shaka alikuwa amekiona kila siku ya maisha yake. Akanyanyuka akatafuta viatu vya mkwe wake.

Tulijipakia wanawake wanne kiti cha nyuma, msichana amemlalia mama mapajani, kijana mbele na dereva. Yule dereva asiyesema alipiga honi njia nzima.

Hospitali ilijaa watu mpaka ngazini. Mama alipasua njia kwa Kiingereza chake cha zamani, kile alichofundishwa na wauguzi wa Kiingereza, kila neno limenyooka: presha, uvimbe, macho. Daktari mmoja mwanamke, kijana kuliko mimi, alitoka. Alimfunga msichana kipimo cha presha, akaangalia, akapima tena. Mara wakaja watu na machela.

Daktari alimgeukia mama. "Sister, unafanya kazi wapi?"

"Ibra."

"Ibra iko wapi?"

"Oman," mama alisema, amesimama wima katika lile buibui lake lililojaa vumbi la safari. "Sharqiyah."

Alilitamka jina la mji wetu, mji uliomgeuzia nyuso, kama mtu anayetaja kwao. Nilikuwa nimekuja Agra ili mama anione mimi. Nilisimama kwenye korido ya hospitali ya watu nimeshika shali na mkoba wa mama, na sikutaka kuwa mahali pengine popote.

Walimruhusu aingie. Alimshika msichana mkono wakati anapigwa sindano, akatoka pale tu waliposema presha imeanza kushuka. Jua lilikuwa limeshainama, dereva ana hofu ya ukungu wa usiku. Kijana alisisitiza kutusindikiza hadi mwisho wa mji. Gari ilipopita chini ya kuta nyekundu za ngome, macho yake bado mekundu kwa kulia, akaanza: "Khala, upande wa kulia, ngome hii ilijengwa na babu yake yule mfalme—" Mama alicheka, na yeye akacheka, na akatueleza ngome nzima kupitia dirishani.

Hotelini mume wangu alituuliza tumeona nini. Mama na mimi tulitazamana. "Lango," mama alisema, "na bustani nzuri sana."

Siku chache baadaye kijana alipiga simu hotelini. Walimpasua mke wake. Mtoto wa kike, mdogo mno, lakini analia kwa nguvu. Mama wa mtoto anaona vizuri, vimulimuli vimeondoka. Mama alipokea khabari ile amesimama pale kwa karani, akasema "Alhamdulillah," kisha akaniomba nimuulize mtoto ananyonya vipi, na mazungumzo hayo yakawa marefu kuliko ya kwanza.

Dereva, aliyekuwa amekwenda tena Agra, alituletea zawadi kutoka kwa kijana, picha kubwa ya Taj Mahal ya kutundika. Mimi nilidhani itakaa sebuleni kwetu. Mama aliipeleka hospitali Ibra, akaitundika katika chumba wanachosubiri wajawazito. Wanawake walimuuliza, "Daktora, huu msikiti uko wapi?" Naye akawaambia si msikiti, akakaa kitako akawasimulia, kwa Kiarabu kilichokuwa sasa cha kwao kabisa ila kwa ile lafudhi ambayo haikumtoka. Alimaliza kila mara kwa kuwauliza nani kati yao anaona vimulimuli.

Kisa kilitembea. Kilikwenda mbele ya mama mpaka vijijini ambako hajafika. Mchana mmoja nilimpelekea chakula, nikamkuta mwanamme wa makamo mlangoni, mtu wa jangwani, gari yake imejaa vumbi hadi kioo. Alikuwa amemleta mke wake kutoka nje ya Bidiya, safari ya saa nyingi, na uchungu haujaanza.

"Mbona mapema hivi?" muuguzi alimuuliza.

Yule bwana alionesha ile picha ukutani. "Ewe daktora," alimwambia mama, "mimi sina marumaru. Mshike huyu mke wangu."

Mama alicheka, akamwingiza mwanamke ndani, akaenda kunawa mikono. Niliweka chakula mezani nikatoka. Pale uwanjani palikuwa na mwalimu mgeni wa skuli yetu, Mmisri, amekuja kupimwa, na alikuwa amesikia yote. Alitaka kuniuliza kitu. Kabla hajafungua mdomo nilimwambia kwamba yule mkunga ni mama yangu.