Usiulize Kikao Tu

Naikumbuka Alhamisi moja, mwanangu, na imerudi kunisumbua tangu juzi uliponiambia kwenye simu, "Baba mkubwa, niko kikaoni," nami nikasikia chupa zikigongana nyuma yako. Sikukuuliza kitu. Lakini sikupata raha tena siku ile, kwa sababu uongo huo niliutumia mimi kabla hujazaliwa.

Nilikuwa karani wa serikali hapa Dodoma, na mji huu, unaujua mwenyewe, hauishiwi vikao. Nikitoka kazini napitia baa, narudi nyumbani nayumba, na jibu langu kwa mama yako mkubwa ni lile lile: kikao kilichelewa. Alivumilia miaka. Mwishowe akaniambia bila kupandisha sauti, "Kikao kingine kimoja tu, Baba Neema, na mimi na mwanangu tunarudi kwetu Kondoa."

Niliogopa kwelikweli. Nikaenda zahanati, maana asubuhi mikono ilinitetemeka hata chai ikamwagika. Muuguzi akanipa dawa, akanieleza kwamba wako watu walioshindwa na pombe kama mimi, hukutana Nzuguni kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, kwenye ukumbi wa mtaa, wakisaidiana kuacha.

Sasa ilinibidi kuaga. Nilisimama mlangoni, nikasema, "Mama Neema, naenda kikaoni." Kusema ni kikao cha nini, niliona aibu. Alivuta begi uvunguni mwa kitanda akaanza kukunja nguo za mtoto, nami nikatoka bila kujua kama nitawakuta.

Nje ya ukumbi palikuwa na mama anafagia. Ningeweza kumuuliza vizuri, lakini siku ile nilimwogopa hata yeye na ufagio wake. Nikasema tu, "Shikamoo mama. Kikao kiko wapi?" Akanionyesha mlango mkubwa. Ndani, watu kama kumi na tano wameketi duara. Nikaona nikikaa kimya nitakimbia, basi nikasimama hapo hapo: "Naitwa Baba Neema. Pombe imenishinda."

Kijana mwenye daftari akasema, "Karibu sana! Mwenyekiti, huyu tumweke kamati ya vinywaji."

Kilikuwa kikao cha harusi.

Wakaangua kicheko, nami nikakimbilia nje. Moyoni nilikwishaamua: kutoka pale ni baa moja kwa moja, na wa kwenda Kondoa waende. Lakini mwenyekiti wao hakucheka. Alikuwa mzee Madeje, fundi cherehani, mjomba wa bibi harusi. Alimwachia katibu kikao, akanifuata uani.

"Mbukwa, mwanangu," akanisalimu kwa Kigogo, kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nilikuwa nalia. "Kikao chako kiko chumba cha nyuma, kule kwenye stoo ya viti. Na mimi ni wa huko huko, leo harusi ndiyo imenishika."

"Mzee, siwezi kusema tena."

"Umeshasema mbele ya watu wasiohusika. Kule ni wenzako. Ila wewe nawe, kwa nini hukuuliza kwa jina lake? Ungemwambia yule mama unatafuta kikao cha wanaoacha pombe, angekupeleka mwenyewe. Mwanawe yumo."

Tuliketi watu tisa, yeye akiwemo, katikati ya viti vya plastiki vilivyopangwa hadi darini. Sikusema mengi. Nilisikiliza tu, na mtu nisiyemjua akausimulia uongo wangu wote kama wake.

Mzee Madeje akanisindikiza hadi nyumbani. Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa. "Binti yangu," akasema, "huyu alikuwa kikaoni na mimi."

"Wote husema hivyo," akajibu mama yako mkubwa.

"Basi tunuse wote wawili."

Alitunusa kweli, mmoja mmoja, bila hata kutabasamu. Begi akaliacha pale pale. Lilikaa majuma matatu, na kila Alhamisi nililiruka nikienda na nikirudi, roho juu, nikisema sasa kwa sauti, "Naenda kikao cha kuacha pombe." Baadaye nilianguka mara mbili. Mara zote mbili nilirudi chumba cha nyuma nikiwa na aibu yangu, wakanisogezea kiti.

Kwa hiyo sikukemei, mwanangu. Naogopa tu, na hofu yangu haijui kukaa kimya. Kama asubuhi mikono inakutetemeka, anzia zahanati. Usiache ghafla peke yako, mwili unaweza kukugeukia. Halafu mwambie mkeo jina lote la kikao unachokwenda, hata kama sauti itakukwama. Siku ya kwanza huenda usione faida yoyote. Rudi ya pili.

Alhamisi hii, saa kumi na moja, nitakuwa kwenye ule mlango wa nyuma. Siku hizi mimi ndiye mpanga viti, na chako nitakiweka karibu na changu. Mungu akupe ulimi wa kulitamka neno lile lote, akurudishe salama kwa mkeo, naye mkeo atakapokusogelea kukunusa, asikie harufu ya chai tu.