Mlinda Amani wa Kinampanda

Sisi tulioandikishwa darasa la kwanza kwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili tunajuana. Cheti chetu cha kuzaliwa kilikuwa mkono. Ukifika sikioni, umekua, ingia darasani; usipofika, rudi nyumbani ukale ugali wa uwele mwaka mwingine. Mkono wangu ulifika siku moja na wa Damari, mtoto wa baba mkubwa, na tangu siku hiyo tukawa chanda na pete. Asubuhi tulibeba kidumu cha maji na fagio la vijiti kwenda shule, mchana tukacheza rede kwa mpira wa matambara, jioni kombolela, kujificha na kutafutana, mpaka mama zetu watuite kwa majina yote mawili, la ubatizo na la ukoo. Hapo ulijua fimbo imeshachumwa. Wanangu nikiwatajia kombolela wanauliza kama ni dawa ya minyoo.

Nyumba yetu na ya baba mkubwa Msengi zilitenganishwa na ua wa minyaa tu, na kwenye ua huo palikuwa na mwanya tulioutoboa sisi watoto kwa kupitapita. Baba yangu alikuwa na plau. Baba mkubwa alikuwa na maksai wawili na nira yao. Mpango huo waliurithi kwa babu na ulikuwa mzuri sana, maana plau bila maksai ni chuma cha kujikwaa, na maksai bila plau ni matumbo mawili ya kulisha. Mvua za kwanza zikinyesha, walilima kwa baba mkubwa, kisha kwetu, kisha kwa Bibi, mama yao.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha siku chache tu. Baba mkubwa alimaliza shamba lake, akasema, "Ngoja nigeuze na hiki kipande cha bondeni, kidogo tu, halafu nije kwenu." Kipande kidogo kilichukua siku tatu. Siku ya nne jua likawaka, ardhi yetu ikakauka mpaka jembe likawa linadunda. Baba alikuwa askari, yuko nyumbani kwa likizo, na askari hawana maneno mengi. Alilibeba plau lake begani, akalifungia stoo. Baba mkubwa aliposikia akasema na yeye nira yake haitoki. Basi wanaume wawili wazima, ndugu wa tumbo moja, wakanyimana chuma na mti, na sisi sote tukarudi kulima kwa jembe la mkono. Mama aliinama shambani msimu mzima akinung'unika kwamba plau linalala kivulini na yeye yuko juani.

Mimi jembe la mkono sikulijali sana. Kilichoniuma ni kwamba mwanya wa kwenye minyaa ulizibwa kwa matawi ya miiba. Damari akakatazwa kukanyaga kwetu, nami kwao. Shuleni tulikaa madawati tofauti kwa sababu wakubwa zetu waliapa kutuchapa, na kulikuwa na kaka mmoja wa darasa la sita aliyepeleka taarifa nyumbani kila siku. Nililia usiku kwa mara ya kwanza bila kuchapwa.

Ndipo baba akarudi kikosini, na baada ya muda ikaja habari kwamba anapelekwa Liberia kulinda amani. Bibi alinivuta pembeni. Yeye alinitania siku zote kwa kuniita mke mwenzake.

"Mke mwenzangu, huko Liberia ni baada ya Rungwa?"

Rungwa ndiko alikokuwa kaka yake, mfuga nyuki, na kwa Bibi dunia iliishia kwenye mizinga ile.

"Mbele kidogo, Bibi," nikamjibu, maana mwalimu alikuwa ametuonyesha kwenye ramani. Ilikuwa upande wa pili kabisa wa Afrika, kwenye bahari nyingine.

Bibi akatikisa kichwa. "Anakwenda kupatanisha watu asiowajua. Haya. Mungu amtangulie."

Barua za baba zilikuja kwa anwani ya shule na zilisomwa kwa Bibi, kwa sababu nyumba yake ndiyo pekee ambayo watoto wa nyumba zote mbili waliruhusiwa kufika. Kwa hiyo siku ya barua ndiyo ilikuwa siku yangu na Damari. Tulikaa kwenye ngozi ya ng'ombe, magoti yakigusana, tukitafuna karanga za Bibi. Mimi ndiye nilikuwa msomaji, na nilisoma polepole makusudi, kama mtu ambaye ndio kwanza anajua irabu. Nikifika mwisho nilisema kuna mahali nimeruka, nikaanza upya. Bibi alijua. Alikuwa anafumba macho na kuniambia, "Soma, soma, leo hatuna haraka."

Baba aliandika vizuri. Alieleza nchi ya mvua nyingi na nyumba zilizotobolewa kwa risasi, na watu waliokuwa wamegawanyika mpaka majirani hawachoti maji pamoja. Alieleza jinsi wapiganaji walivyokuja kusalimisha silaha. Katika kijiji alichokuwa analinda, akina mama walitandika vitambaa chini, na kila upande ukaja na bunduki zake, ukaziweka pale mbele ya watu wote. Kulikuwa na sharti moja: siku hiyo asiulize mtu nani alianza. Hayo yana siku yake. Baada ya hapo walikula wali kwenye sinia moja. Baba aliandika kwamba aliona mzee mmoja akimmegea samaki kijana aliyemchomea ghala, na kwamba yeye, askari mzima, aligeuka akajifanya anafunga kamba za viatu. Hapo Damari akanibana mkono.

Baba alirudi baada ya mwaka na ushee, mwembamba, mcheshi kuliko alivyoondoka, na mwenye tamaa ya ajabu ya pilipili. Alituambia Liberia wanakula wali kwa majani ya viazi, akaamua kutupikia mwenyewe. Mama alicheka hadi akakaa chini. "Umevuka Afrika nzima ili urudi na hamu ya matembele?" Alipika sufuria kubwa, akatia pilipili za kutosha kijiji, na watoto wote wa mtaa waliokuja kuonja wali wa bure walirudi makwao machozi yakiwachuruzika. Kesho yake walikuja tena.

Jioni wanaume walijaa uani kwetu kusikiliza habari za Liberia. Wote walikuja, isipokuwa baba mkubwa Msengi. Yeye alianza ghafla tabia ya kuchunga maksai wake jirani kabisa na ua wa minyaa, saa ileile ya hadithi, mahali pasipo na jani hata moja la kula. Kofia yake ya pama tuliiona juu ya minyaa. Baba akifika penye utamu, kofia inasimama. Watu wakicheka, kofia inatikisika. Baba aliiona pia. Nakumbuka alipandisha sauti kidogo, ila hakumkaribisha, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa amepatanisha watu wenye bunduki, na kofia ilikuwa hatua kumi kutoka kwenye kigoda chake.

Sisi watoto tukaanzisha mchezo wa kulinda amani. Tulifunga kamba kwenye njia ya kisimani na hakuna aliyepita bila kusalimisha silaha. Tulikusanya manati, fimbo, visu vya kumenyea mihogo, na jembe la mjumbe, ambaye alisimama, akatupigia saluti na kulitoa. Aliyesalimisha alipewa gao la mbegu za alizeti. Damari alikuwa anaruhusiwa kuja maana kisima kilikuwa cha wote, na hapo kwenye kamba ndipo tulipopanga lile jambo. Nilimwambia kwamba tumekusanya silaha zote za Kinampanda, ila zile za vita vya kwetu bado ziko stoo.

Damari hakuuliza ni zipi. Akasema, "Nira naijua inapokaa."

Siku hiyo baba alikuwa ameenda kumsalimia mchungaji na ameacha stoo wazi. Tulikuwa watoto watano kwenye plau moja. Kulibeba hatukuweza, tukalifunga kamba tukaliburuta, na kwa kuwa plau ni plau, lilifanya kazi yake: lilipasua kitalu cha vitunguu cha mama kutoka mwanzo hadi mwisho, mtaro ulionyooka vizuri sana. Tulipogeuka na kuona, tulijua tumekwisha. Hapo hakuna cha kurudi nyuma, tukaendelea kuburuta mpaka kwa Bibi. Damari alikuwa ameshafika na nira kichwani, shingo imezama mabegani. Tukaomba kanga ya Bibi. Alitutazama, akavua ile aliyojitanda, akaitandika mwenyewe uani. Tukaweka plau upande mmoja na nira upande wa pili.

Mama ndiye aliyefika kwanza, na fimbo, kwa habari ya vitunguu. Baba akafuata mbio kwa habari ya plau. Baba mkubwa akaja kutoka upande wake akipiga kelele kwamba ameibiwa. Wote watatu wakasimama mbele ya kanga ile. Mimi na Damari tulishikana mikono nyuma ya Bibi. Nilikuwa tayari kuchapwa, lakini niliomba Mungu nichapwe pamoja naye, uani hapo hapo, na si kila mtu kwao.

Baba mkubwa akaanza. "Mama, mwaka ule mvua ilipo..."

"Nani alianza, sitaki kujua," Bibi akasema. "Mimi ndiye nilianza. Niliwazaa wote wawili." Akamgeukia baba. "Wewe mlinda amani. Huko kwa wenzetu, wakishaweka silaha chini, kinafuata nini?"

Baba alisimama wima kabisa, kama yuko mbele ya mkubwa wake wa kazi. "Wanakula, mama."

"Basi naweni mikono."

Jogoo wa Bibi, ambaye tulimwogopa kuliko mwalimu mkuu, aliishia sufuriani siku hiyo. Ukaletwa ugali wa mtama, mlenda, na sinia moja tu. Kwa muda walikula bila kutazamana. Kisha baba akachukua firigisi, ambayo kwa heshima ni ya mkubwa, akaisogeza upande wa kaka yake. Baba mkubwa aliitazama sana. Akaikata katikati, akamrudishia nusu.

"Yule mzee wa samaki," akauliza, "ghala lake lilijengwa tena?"

Hiyo habari ilikuwa kwenye barua, na katika hadithi zake za jioni baba alikuwa hajaifikia bado. Kumbe Damari alikuwa akirudi nyumbani anamsimulia baba yake kila neno nililosoma, mwaka mzima, naye anasikiliza akijifanya ananoa panga. Baba alianza kujibu, akainama kutafuta kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Mvua ilipokuja waligombana upya. Kila mmoja alitaka shamba la mwenzake litangulie. Maksai wamefungwa, plau liko tayari, na wao wanasukumana kwa heshima, "Kwako kwanza," "Hapana, kwako," mpaka Bibi akasema waanze kwake na kelele ziishe. Miiba ya kwenye minyaa ilitolewa na mama yangu kwa mikono yake. Kuhusu vitunguu, tulichapwa mimi na Damari viboko vitatu vitatu, tukiwa tumesimama bega kwa bega, na sijawahi kuchapwa kwa furaha kiasi kile.

Baba mkubwa ametangulia, Bibi naye zamani sana. Baba yupo, mzee, bado anatia pilipili kila kitu. Wajukuu wakimwuliza alipatanisha nani katika maisha yake, anasema Liberia watu walipatana wenyewe, yeye alisimama mlangoni tu. Mimi na Damari sasa ni bibi harusi wa zamani wenye miwani, yeye Kinampanda, mimi Singida mjini, tunapigiana simu kila Jumapili na kucheka hadi waume zetu watoke nje.

Juzi wajukuu wawili wa nyumba zile, mmoja wa kila nyumba, wamekosana. Mmoja ameandika maneno kwenye kundi la simu la ukoo, mwenzake akajiondoa, na tangu hapo hawasemeshani. Mmoja yuko Dodoma, mwingine Mwanza. Kila mmoja ana bomba lake la maji, na wakitaka kulima wanakodi trekta, na dereva wa trekta haulizi unasalimiana na nani. Nimempigia kila mmoja. Wote wananiamkia vizuri, "Shikamoo mama," wote wananiambia hawana shida na mtu, na nawaamini, kweli hawana shida. Sisi tulipatana kwa sababu hakuna aliyeweza kulima peke yake. Watoto wetu wanaweza kila kitu peke yao, na ndicho kitu pekee ninachowaonea huruma.