Mpini wa Chini

Kupasua mbao kwa msumeno wa shimo ni kazi ya watu wawili. Mmoja husimama juu ya gogo, mwingine huingia shimoni chini yake, na msumeno mrefu kuliko mtu hupanda na kushuka kati yao. Mimi nilikuwa mtu wa chini. Wa juu alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na msumeno ulikuwa wake. Yeye aliuona mstari. Mimi niliona nyayo zake na unga wa mbao, ulioniingia machoni, puani, na hata kwenye ugali niliofungiwa na dada yake.

Msumeno huo una mipini miwili. Wa juu umekazwa kwa chuma, hautoki. Wa chini ni wa mti, una mwanya katikati. Unauvisha kwenye ncha ya msumeno na kuukaza kwa kabari. Lazima utoke, maana kila mkimaliza ubao msumeno hutolewa kwa juu, na hauwezi kupita kwenye mbao ukiwa na mpini. Ule wetu niliuchonga mwenyewe kwa mzeituni, ukalingana na viganja vyangu. Jioni shemeji alibeba msumeno, mimi nikabeba mpini ndani ya koti, tukarudi Silanga, huko Kibera, ambako tulipanga vyumba viwili vilivyopakana.

Sote tulitoka mkoa wa Magharibi. Kibera ilikuwa na mafundi wa vitanda na milango, Kawangware ilikuwa na wenye mashamba ambao bado walikuwa na miti, na katikati tulikuwa sisi wawili. Nyumba mbili zilikula kutokana na chuma hicho kimoja.

Kisha, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, likaja tangazo. Misumeno ya shimo inaharibu misitu, ilisema serikali, kwa hiyo mbao zitapasuliwa na viwanda vyenye leseni tu. Mimi sina ugomvi na mtu anayelinda msitu. Lakini kila siku tuliyaona malori yakipita yamejaa magogo, yakienda kwenye viwanda hivyo hivyo, halafu tunaambiwa waharibifu ni watu wawili wanaotumia mchana mzima kwenye gogo moja. Hasira hiyo ninayo hadi leo na sioni aibu kuisema.

Mafundi kadhaa wa Sarang'ombe, hapo hapo Kibera, walijaribu kufuata sheria. Waliunda kikundi wakaomba leseni ya kiwanda kidogo. Fomu iliuliza namba ya ploti, na wote walikuwa wapangaji. Wakaambiwa waende wakatafute ploti kisha warudi, kana kwamba wametumwa dukani kununua chumvi. Hawakurudi.

Siku tuliyokutwa kazini tulikuwa Kawangware kwa mama mmoja mzee. Tulimwita Cucu, kama wajukuu zake walivyomwita. Marehemu mume wake alikuwa amepanda miti ya mukima mpakani mwa shamba, na sasa Cucu alitaka mbao za paa. Barua ya chifu alikuwa nayo, imepigwa muhuri, ameikunja ndani ya Biblia. Tulikuwa tumemaliza ubao wa tatu. Nilikuwa nimeigonga kabari ikalegea, nimeuchomoa mpini, na shemeji alikuwa anauvuta msumeno juu, ndipo nikasikia viatu vizito.

Alikuwa ofisa wa misitu na askari wawili. Cucu alimpa barua. Aliisoma polepole, akaikunja vizuri.

"Hii ni ya kukata mti," alisema. "Kupasua ni kitu ingine."

"Sasa nikishaukata niufanyie nini?" Cucu akamuuliza. "Niuangalie tu?"

Ofisa alimwambia shemeji kwamba msumeno ni kielelezo cha kesi, na kwamba tutaitwa kortini. Askari wakaubeba. Mimi nilikuwa bado shimoni, mpini mkononi, na hakuna aliyeinama kuniangalia.

Tulingoja kuitwa. Shemeji alikuwa mtu wa subira kupita kiasi, aliamini kila mwenye kofia ya serikali. Mke wake alianza kufua nguo za watu, wangu akauza mboga kando ya bwawa lililo karibu na Silanga, nasi tukawa wabebaji wa mizigo siku ambazo mizigo ilipatikana. Mwezi wa pili ukaisha. Kisha kijana aliyetumwa na yule ofisa akaja mpaka mlangoni kwangu.

"Mkubwa anawaita Satellite," alisema. "Mkuje na ile handle ya msumeno."

Shemeji alifurahi hata akavaa shati la kanisani. "Nilikwambia," akasema. "Wanaturudishia."

Mahali penyewe palikuwa ploti nyuma ya maduka ya mtaa wa Satellite, jirani na Kawangware. Ofisa alikuwa anajenga nyumba. Shimo lilikuwa limeshachimbwa, magogo mawili manene ya mtarakwa, mti wa msituni, yamelazwa juu yake, na msumeno wetu umeegemezwa ukutani. Mtu fulani alikuwa amejaribu kuufungia kipande cha mti kwa waya pale chini. Meno yalikuwa yamekufa. Shemeji aliupapasa, akatoa tupa mfukoni, akakaa chini na kuanza kunoa, jino moja moja.

Mimi niliingia shimoni na kutazama ncha za magogo. Mti wa msitu wa serikali ukikatwa kihalali hugongwa nyundo, na alama ya nyundo hiyo hubaki kwenye ncha ya gogo. Nilitazama ncha zote nne. Hazikuwa na kitu. Hapo nikaelewa kwa nini tumeitwa. Kiwanda chenye leseni kingeuliza alama na kuandika kwenye daftari. Shimo haliulizi. Mtu huyu alitunyang'anya kazi kwa sababu ni haramu, kisha akatuita tumfanyie haramu hiyo hiyo, kwa msumeno wetu wenyewe.

"Mkubwa," nilimwita kutoka chini, "hii haijagongwa nyundo."

"Wewe fanya kazi."

"Na tukimaliza, msumeno tunaenda nao?"

Alinitazama kama mtu aliyechoshwa na mtoto. "Huo ni kielelezo. Kesi bado."

Nilingoja shemeji aseme neno. Aliinama ukingoni akaniambia kwa sauti ya chini, kwa lugha ya nyumbani, "Tupasue tu. Akiona kazi yetu atatuhurumia." Msumeno ulikuwa umeshaanza kushuka kwangu, unang'aa, umenolewa kwa ustadi ambao ofisa yule hakustahili. Nilikuwa na mpini, nilikuwa na kabari. Niliitia kabari mfukoni, nikauweka mpini ndani ya koti, nikapanda nikatoka.

Ofisa alinitishia kuniweka ndani. Nikamwambia twende pamoja hadi kituoni, na magogo yaje pia. Hakutoka pale aliposimama. Nikaondoka kwa miguu hadi Silanga, na shemeji akabaki juu ya gogo ameshika mpini wa juu, hana mtu wa chini.

Hakusema nami kwa miezi mingi. Alisema nimeutupa msumeno wake kwa hasira zangu, na dada yake, aliye mke wangu, alimuunga mkono. Huenda walikuwa na haki. Msumeno haukuwa wangu. Alipata kibarua katika kiwanda kimoja chenye leseni, si cha kupasua, cha kupakia mbao kwenye lori.

Kwa ajili yake nilikwenda kortini kuulizia kesi. Nilikwenda mara nyingi, nikizungushwa dirisha hili hadi lile, mpaka karani mmoja mwenye utu akapekua madaftari yake yote mbele yangu.

"Mzee, hii kesi hakuna," alisema. "Haijawahi kufunguliwa."

Jioni hiyo nilimwambia shemeji kwamba msumeno wake haukuwahi kuwa kielelezo cha kesi yoyote. Alikaa kitandani kwangu, akaomba aletewe mpini. Aliingiza kidole kwenye ule mwanya, akautazama, akaomba mafuta ya kupikia na kitambaa. Akaupaka mpini taratibu, pande zote, kama tulivyoupaka kila Jumamosi tulipokuwa na kazi.

"Uweke pakavu," aliniambia.

Nimeuweka pakavu.