Dole la Fundi na Kinywa cha Mama Mkwe

Fundi Dole alikuwa anajisifu mpaka kuta zinaona haya. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia, kwenye chumba cha nyuma chenye taa ya spiriti, meza iliyoungua pembe na jasi mpaka kwenye kopo la sukari. Jina la Dole alilipata kwa sababu ya dole gumba lake la kulia. "Hili," alikuwa akisema akilibusu, "lina shahada nyingi kuliko madaktari wote wa mtaa huu, tena haliombi likizo."

Pale kazini yeye na mafundi wenzake wana mchezo wao. Kila Ijumaa jioni wanamwaga meno ya akiba kwenye kopo, kila fundi anafumba macho, anachomoa moja, analipapasa, analitaja. Ukikosea, unachemsha chai. Dole tangu aajiriwe hajui hata mpini wa sufuria uko wapi.

Sasa usidhani ni rahisi. Gego kubwa hata kipofu analijua, na chonge linajitambulisha lenyewe kwa kukuchoma. Kasheshe ni yale manane ya katikati, magego madogo, manne juu, manne chini: si chonge, si gego, yamekaa tu pale kama shemeji aliyekuja kusalimia akahamia. Watoto wenye meno ya utoto hata hawana. La kwanza la chini ni tapeli: upande wa shavu kilele kirefu kama chonge, upande wa ulimi kijilele kama chunusi. La pili la chini mara nyingi lina vilele vitatu. La pili la juu vilele vyake viwili vinakaribiana urefu, kama mapacha wasiopendana. La kwanza la juu ndilo kipenzi cha Dole, maana upande unaotazama chonge lina kibonde, na juu ya kibonde kuna kimfereji kinachokata ukingo. Analishika kilele kikubwa kikimtazama yeye, pa kutafunia pakiwa juu. Kimfereji kikigusa ncha ya dole, jino la kulia. Kikigusa karibu na kiungo, la kushoto. Macho? Macho ni ya wanaoanza kazi.

Basi huyu bingwa alikuwa na mama mkwe, mwalimu mkuu, mama mwenye sauti ya kusimamisha shule nzima kwa kikohozi. Tangu amwoze binti yake alikuwa anamwita Dole "mpaka chokaa", kwa ajili ya jasi la nguoni mwake. Kisha meno yake ya juu yakaharibika, yakang'olewa yote, na ile sauti ikaanza kutokea nyuma ya leso. Siku ya kumuaga akistaafu ilikuwa inakuja. Hotuba ameiandika, lakini kinywa hana. Asipoweza kuitamka, itasomwa na msaidizi wake, bwana mmoja anayesinzia katikati ya sentensi zake mwenyewe.

"Afadhali nizikwe," mama alimwambia binti yake. "Mwambie mume wako anitengenezee."

Dole aliposikia alivimba kama andazi. Kwa kuvimba huko akapitisha dole kwenye taa ya spiriti. Likaungua, likafungwa bandeji kubwa kama kilemba. Wenzake wakamwambia atumie macho.

"Nina dole lingine," akawajibu, akanyoosha la kushoto. Akapapasa, akapanga, akapika plastiki, akang'arisha.

Asubuhi ya siku ya kuagwa, mama akayavaa sebuleni, binti yake akiwa pembeni na kioo.

"Ndugu wageni waalikwa," akaanza mama. *Ka!* "Wazazi." *Ka! Ka!* Kila akifunga kinywa, meno yanagonga, yanainuka upande mmoja kama meza mbovu.

"Ni ufizi wako, mama," Dole akasema haraka. "Ufizi huwa unashtuka."

"Ushtuke umemwona nani?" Mama akazungusha ulimi. "Hapa kuna jino limekaa kinyumenyume. Na la upande huu pia. Kama abiria wanaomtazama kondakta."

"Mama, miaka yote hii dole langu..."

"Baba watoto," mkewe akamkata, "fungua bandeji."

Akafungua. Akashika yale meno kwa mkono wa kulia, akapitisha ngozi mpya ya dole juu ya gego dogo la kwanza. Akapitisha tena. Kimfereji kilikuwa kinatazama nyuma. Hapo ndipo ikamwingia: dole la kushoto linaelekea upande mwingine! Ncha ya huku ni kiungo cha kule. La kulia kaliweka kushoto, la kushoto kulia, tena kwa kujiamini.

"Haya, sema," mama akasema. "Umekufa?"

"Nimekosea, mama."

"Ala! Kumbe hilo neno unalijua. Nenda, na mimi nakufuata nyuma."

Akakaa juu ya kigoda cha karakana na mkoba mapajani, wenzake Dole wakicheka mpaka jasi linapeperuka. Dole akayakata yale mawili, akayabadilisha viti, safari hii kwa macho mawili yaliyotolewa kama ya mjusi, akayashika kwa plastiki inayoganda haraka, akasaga, akasugua. Mama akavaa. Akafunga kinywa. Kimya.

Mchana akasimama mbele ya shule nzima bila leso. Msaidizi tayari alikuwa amesinzia. Mama akamwaga hotuba yake yote, mpaka watoto wa mstari wa nyuma wakachomekea mashati kwa mazoea. Mwisho akasema:

"Namshukuru mkwe wangu aliyenipa meno haya. Ana kidole kimoja chenye akili. Bahati mbaya Mungu alimpa kumi."

Ijumaa ile hawakucheza. Dole alipelekwa moja kwa moja kwenye sufuria. Chai ikanuka moshi, ikakosa sukari, ikaelea kitu kama nta.

"Kunyweni," akasema, kifua mbele. "Chai kama hii hamjawahi kuinywa popote."

Na kwa mara ya kwanza wiki ile, hakuna aliyembishia.