Basi Wewe Ndiye wa Kukaa

Alasiri hiyo tulikaa mkekani kunywa chai, sisi ndugu wanne, nyumbani kwetu Vitongoji. Mama alikuwa chumba cha pili, kitandani, tangu kiharusi kilipomshika upande wa kulia. Mimi ndiye kitindamimba, na nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha skuli moja ng'ambo, kisiwani Unguja.

Kaka yetu mkubwa hakupandisha sauti. "Mama hawezi kuachwa peke yake," alisema. "Sisi sote tuna nyumba zetu na watoto. Wewe huna mume wala mtoto. Basi wewe ndiye wa kukaa."

Dada zangu wawili waliinamia mkeka.

Chuoni nilifundishwa kuifumua hoja: hapa misingi, pale hitimisho, na katikati ile sababu inayovishikanisha. Nikaanza kuifumua ya kaka. Mama hawezi kuachwa? Kweli, hata kujigeuza hawezi. Wao wana watoto? Kweli. Mimi sina mume? Kweli tupu. Kila nilipogusa palikuwa pagumu. Nilikaribia kukubali, ndipo nikaona kuna msingi mmoja haukutajwa.

"Kaka, kuna neno hukulisema."

"Neno gani?"

"Kwamba asiye na mume hana maisha yake."

"Mimi sijasema hivyo!"

"Hujasema. Lakini bila hilo, hiyo 'basi' yako haisimami."

Dada mkubwa akainua uso. Kaka akavua kofia, akaigeuzageuza mikononi.

"Astaghfirullah. Haya, mdogo wangu, hilo nimelifuta. Sasa niambie, nani atakaa?"

Chumbani mama alikohoa. Dada wa pili akaanza kulia, akasema mumewe hatamruhusu. Nilingoja mwingine ajitolee. Chai ikapoa.

"N'takaa," nikasema.

Ile kazi akapewa mwingine. Siku hizi dada mkubwa huja mwisho wa wiki kumwogesha mama, nami hutoka nikatembea hadi pwani, nikarudi kabla ya Magharibi. Nimeomba nafasi skuli ya hapa kijijini, bado sijajibiwa.

Juzi mama, ambaye ulimi wake umeanza kufunguka, aliniuliza kama nina hasira.

"Kidogo, mama."

"Hata mie," akasema.