Chokaa ya Kupokelea Wakwe

Familia ya mchumba wangu ilipotangaza kuja kuniposa, mimi nilitaka tuwapokee katika ukumbi wa kukodi pale Kamembe. Mama hakutaka hata kusikia. Tangu turudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, alikuwa ameijenga nyumba yake ya Mururu chumba baada ya chumba, na binti yake hangeposwa kwenye viti vya watu. Tatizo lilikuwa ukuta wa mbele. Mvua zilikuwa zimeugeuza rangi ya tope.

Akanunua mabonge ya chokaa iliyotoka tanuruni. Alipoyatia kwenye pipa la maji, yakaanza kunguruma na kufuka mvuke, maji yakachemka bila ukuni hata mmoja.

"Usifike karibu, itakuchoma macho!" akanifokea.

Jiwe la chokaa likishachomwa, maji yakiligusa tu linatoa joto na kuvunjikavunjika, linabaki uji mweupe. Uji huo ndio tuliopaka siku moja kabla ya ugeni. Nilipotazama kazi yetu, hasira zikanipanda. Ukuta ulikuwa ule ule, umelowa tu.

"Maman, hii iko maji tu! Batatucheka."

"Acha ikauke, we mutoto. Kama asubuhi ukuta hauko mweupe, tutaenda mu salle yako ya Kamembe."

Nikaenda kulala nikiwa nimeshachagua hadi maua ya ukumbini.

Asubuhi nilifungua mlango, nikafumba macho. Chokaa ilikuwa imekauka, na weupe umejitokeza wenyewe ukuta mzima, hadi pembeni. Nilifurahi sana, ingawa sikumwambia Mama upesi.

Ila chokaa ikikauka bado haijakomaa. Inahitaji majuma ya kuvuta hewa ndipo irudi kuwa jiwe, na hilo hatukuwaambia wageni. Mama mkwe wangu mtarajiwa, kavaa kitenge cha bluu iliyokolea, akauegemea ukuta. Alipogeuka, mgongo wote ulikuwa mweupe. Mama akakimbilia kitambaa.

"Uache, Maman," mgeni akamzuia. "Bakiniuliza nyumba ya bakwe iko namna gani, nitabageuzia mugongo baone."

Mama akacheka mpaka akatoa machozi, na hapo nikajua nimeshaolewa.

Siku hizi ukuta ule umekuwa mgumu, hauchafui nguo. Lakini mama mkwe kila akija anauegemea kwanza, kisha anamgeukia Mama amkague mgongo.