Wimbo Niliopewa Nikikamua Ng'ombe

Mwenzenu sijui Jumapili nitaingia kanisani na uso gani.

Mimi ndiye mwalimu wa kwaya yetu hapa Kabazi. Mwezi jana nilienda Naivasha kumwona mama, tukaangalia muvi ya sarakasi, watu wanaimba wakiruka kwa kamba, na simba anapita kwa pete ya moto. Tuliipenda, tukairudia tena na tena. Mama alilia wazi. Mimi nikasingizia vitunguu, na hakuna mtu alikuwa anapika.

Nikarudi nyumbani. Asubuhi moja nikikamua ng'ombe, tuni tamu ikanijia tu, nikajua imetoka mbinguni. Karibu nimwage maziwa. Nikaipa maneno ya kumsifu Mungu, nikaifunza kwaya.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa, mama naye alikuwa amekuja. Kabla tuimbe nikashika maikrofoni nikashuhudia, "Wapendwa, huu wimbo sikuutunga. Nimepewa!" Watu wakaitikia amina. Pasta akatoa leso.

Tukaimba. Kanisa lote likasimama, vigelegele kila upande. Kufika kiitikio cha mwisho nikafunga macho, nikainua mikono, nikajiona mtu mkubwa sana.

Hapo ndipo nikasikia sauti ya mama kutoka viti vya mbele, amefurahi kabisa, akiwaeleza waliokaa naye:

"Si hii ni ile ya muvi yetu! Shikeni watoto, sasa simba anaruka kwa moto!"